Leza ya nyuzi za sauti ukiwa macho: jibu kwa dada wa Majengo

Waalaykum salaam dada. Umeuliza kama ni salama kakako muadhini kuchomwa vinyama vya papiloma kwenye nyuzi za sauti kwa leza akiwa macho kitini, na mama amekataa katakata. Mimi nilifanyiwa vivyo hivyo, kwa ugonjwa huo huo, nilipokuwa nafanya kazi Uingereza kabla sijarudi Kisauni. Woga wa mama naufahamu, lakini ningeambiwa nichague tena, ningekaa kwenye kiti kile.

Unakaa wima, unapuliziwa ganzi puani na kooni. Kisha daktari hudondosha ganzi juu ya nyuzi zenyewe huku umevuta sauti, "iiii". Hapo ndipo pagumu kuliko kote: unakohoa, machozi yanatoka, koo unaliona kama limeziba. Halijaziba, pumzi inapita. Kakako akilijua hilo mapema hatashtuka. Baadaye kamera nyembamba hupita puani, na ndani yake mna uzi wa kioo usiofika unene wa milimita 1 unaopitisha mwanga wa leza. Nilisikia joto na harufu ya kuungua, maumivu kidogo tu.

Leza yangu ilikuwa ya aina iitwayo KTP, yenye mwanga wa kijani wa urefu wa wimbi wa nanomita 532. Mwanga huo hunywewa sana na himoglobini ya damu, basi huziba mishipa inayolisha kinyama na kuuhurumia utando ulio kando. Kwa muadhini hilo ni jambo kubwa mno, maana kovu kwenye uzi wa sauti huiharibu sauti kwa kudumu. Chumbani sote tulivaa miwani ya kinga, na moshi ukafyonzwa kwa mashine kwa kuwa unaweza kubeba kirusi.

Sasa hili wengi hawaambiwi: papiloma hurudi. Huletwa na kirusi cha HPV, hasa aina ya 6 na 11. Leza huondoa kinyama, kirusi hakiondoki. Mimi vilirudi, nami nikarudi kitini. Vikiwahiwa vingali vidogo hakuna haja ya nusu kaputi, na unalala kwako siku hiyo hiyo. Vikiwa vikubwa vya kubana pumzi, au mtu haivumilii kabisa kamera kooni, hiyo ni kazi ya thieta. Asilazimishwe.

Muulizeni daktari kama kipande kimepimwa maabara. Sauti iliyopwelea zaidi ya wiki 4 haifai kukisiwa, hasa kwa mvuta sigara, kwani saratani ya zoloto, yaani pale kooni penye nyuzi za sauti, nayo huanza hivyo hivyo. Ulizeni pia ameshaifanya kazi hii kwa wagonjwa wangapi. Na kama kakako ana presha asifiche, maana hupanda pale kitini.

Akitoka, asile wala asinywe mpaka ganzi iishe, chakula kisije kikaingia njia ya hewa. Kisha anyamaze siku atakazopangiwa; mimi hata kunong'ona nilikatazwa. Msikitini wapateni mapema wa kumshikia adhana, asije akaona haya akaishika maikrofoni kabla nyuzi hazijapona.