Ukitaka kutunga jazi ya kizamani, usianze na kofia

Miaka kama sita iliyopita nilitunga kitu nikakiita cha New Orleans, ule mji wa Marekani jazi ilikozaliwa. Tarumbeta ipo, klarineti ipo, tromboni ipo, mtu wa besi tumemwambia apige mbili mbili kama wazee, na kofia tukaenda kununua Kariakoo ili tufanane na zile picha za miaka ya 1920. Tukapiga kwenye hoteli moja hapa Dar, watu wakashangilia, mi nikajua nishamaliza. Baada ya shoo mzee mmoja aliyekuwa anapuliza tarumbeta kwenye bendi za dansi enzi zake akaniita pembeni. "Mwanangu, mmepiga vizuri. Sasa pale wewe ulikuwa wapi?" Nikamwambia mzee, si nilikuwa pale kwenye piano. Akacheka, akaenda kutafuta bajaji.

Lile swali lilinikera wiki mbili nzima.

(Tuelewane kwanza maana hapa kwetu hili neno linachanganya: Morogoro Jazz na Western Jazz walikuwa wanapiga dansi, rumba ile, jina tu ndo jazi. Mi naongelea jazi ya Wamarekani weusi.)

Kumbe mi nilikuwa nasikiliza zile rekodi kama mtu anayeskiliza redio huku anakaanga samaki, nachukua harufu tu. Nikarudi upya. Nikakaa na Potato Head Blues ya mpuliza tarumbeta Louis Armstrong na bendi yake ya Hot Seven, ya 1927, na sio yote, ile solo yake tu, kila asubuhi kabla ya chai. Pale bendi haipigi mfululizo. Wanagonga pigo moja, wananyamaza, baa nyingine nzima (baa ni kile kifungu cha mapigo unachohesabu moja mpaka nne, ndo unaanza tena) hawapo, ndo wanagonga tena, yaani kila baa mbili unapata pigo moja tu na hapo katikati Armstrong yuko peke yake anapuliza na wewe msikilizaji ndo unabeba mdundo kichwani bila kujijua. Nikasema alaa, kumbe miaka yote nahangaika na klarineti wakati mali yenyewe ni ule ukimya.

Kwa hiyo ushauri wangu ukitaka kutunga kitu chako kutoka mtindo wa zamani: chukua kitu kimoja, kimoja tu, halafu kipeleke mahali ambapo wenyewe hawakukipeleka. Mi niliuchukua ule ukimya nikauweka kwenye tungo ya mapigo matano kwa kila baa, bila tromboni, bila kofia. Mazoezi ya kwanza yalikuwa aibu. Mtu wa dramu aliniangalia kama nimemkopa hela. Kilichotusaidia ni kuweka vyombo chini, tukaimba wote huku tunapiga makofi mpaka kila mtu akawa anajua pigo linarudi wapi, na hata sasa wimbo mgumu tunauanza hivyohivyo. Makaratasi ya noti siku hizi nayatoa mwishoni. Bendi ya Count Basie kule Kansas City ilijenga nyimbo kibao kwa masikio tu, mmoja anarusha kipande kifupi, wenzake wanakidaka, na ukifanya hivyo wapigaji wako wanaingiza tabia zao, ambazo karatasi inazizima.

Anayefundisha hili somo la kuchukua cha zamani vizuri kuliko wote ni Charles Mingus, mpiga besi na mtunzi. Skiliza albamu yake ya 1959, Mingus Ah Um. Lester Young, yule wa mdomo wa bata, yaani saksafoni, aliyekuwa havui kofia yake ya pork pie, alifariki Machi mwaka huohuo, na Mingus akamtungia Goodbye Pork Pie Hat. Ukihesabu ni baa 12 kama bluzi yoyote, lakini kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) alizoweka mule si za bluzi ya kawaida kabisa, zinahama hama, zinaumiza. Umbo la zamani, huzuni ni yake. Kofia imebaki kwenye jina tu! Na kwenye albamu hiyohiyo kuna ya kumkumbuka Jelly Roll Morton, mpiga piano wa zamani wa New Orleans, ule mdundo wa kizamani unaingia, unatoka, solo zinakimbilia swingi ya wakati wao, kisha unarudi.

Njia nyingine ni kuchukua mifupa, yaani kodi za wimbo wa zamani unazitungia melodi mpya. Mpuliza saksafoni Charlie Parker alifanya hivyo 1945 kwenye Ko-Ko, chini yake kuna kodi za wimbo wa Cherokee wa Ray Noble. Kwa kawaida mfululizo wa kodi peke yake hauna mwenyewe, melodi ndo ina mwenyewe, so hapo kuwa makini. Lakini nikuambie ukweli, hii njia inadanganya. Kodi za I Got Rhythm ya Gershwin, 1930, nimezitungia nyimbo nne na tatu ni takataka, kwa sababu nilikaa kwenye piano, nikapiga kodi, vidole vikaenda palepale vilipozoea. Ile moja nzuri ilianzia kwenye daladala. Niliimba mdomoni, nikairekodi kwenye simu, kondakta akaniona chizi, na kodi nikaja kuziweka chini yake nyumbani usiku.

Ukimaliza, mpe mtu asikilize na usimwambie umetoa wapi. Akianza tu na "hii kama ya fulani", rudi mezani.

Ile ya mapigo matano nilimtumia yule mzee WhatsApp. Alikaa siku tatu kimya, blutiki zipo. Siku ya nne ikaja voisi ya sekunde kumi: "Mwanangu, leo nimekuona. Ila ile baa ya tisa mnaingia mapema."

Na kweli tunaingia mapema.