Darasa la watoto 90 na somo la hisia: nilivyofanya mimi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama watoto wanaweza kufundishwa kutawala hasira na kusikilizana wakati darasa lako la tatu lina watoto 90 na vipindi vinakukimbiza. Wanaweza. Nimefundisha shule za msingi Bahi na Chamwino, mkoani Dodoma, miaka 17, na nilianza vibaya.

Niliamini dawa ya ugomvi ni fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na achape mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Mimi ruhusa hiyo sikuwa nayo, na nilichapa. Kuna mtoto mmoja kila siku alikuwa amempiga mtu. Namchapa leo, kesho kampiga mwingine. Siku moja mwezi wa Februari nikamkalisha chini ya mti, nikamuuliza ana nini. Kimya. Nikamwambia sema kwa Kigogo. Hapo akamwaga yote: ghalani hamna kitu, baba kaenda kutafuta vibarua hajarudi, amekuja shule hajala, na wenzake wanamwita ombaomba. Wa huku mnaijua miezi hiyo, mtama wa mwaka jana umekwisha na wa mwaka huu bado uko shambani.

Njaa, aibu na kumkumbuka baba, vyote kwake vilikuwa na jina moja: hasira. Na hasira aliijua njia moja tu ya kuitoa.

Kwa hiyo nikaanza na maneno. Dakika kumi baada ya mstarini, Jumatatu na Alhamisi, neno moja kwa wiki: aibu, wivu, hofu, upweke, kinyongo. Anayekwama kwa Kiswahili aseme Kigogo, wenzake watamsaidia. Nilipouliza hasira na kinyongo vinatofautianaje, binti wa dawati la nyuma akasema, "Kinyongo ni hasira uliyolala nayo." Sikuwa na la kuongeza.

Wingi wa watoto usikutishe. Kazi inafanyika kwenye dawati. Watatu wa dawati moja, mmoja anasimulia jambo dogo, mfano kusukumwa kwenye foleni ya bomba, na kabla hajajibiwa mwenzake anarudia alichosikia. Hapo kwenye kurudia ndipo penye kazi kubwa, usiparuke.

Kosa langu usilirudie: nilimsimamisha mtoto aeleze ya kwao mbele ya darasa. Wakamcheka. Siku nne hakuja, nikaenda kwao kumwomba radhi. Tangu hapo halazimishwi mtu. Ila ukisikia mtoto anaumizwa, hiyo si siri ya dawati. Mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha na ustawi wa jamii. Simu ya Mtoto, 116, ni bure.

Mwalimu mkuu akisema unapoteza muda wa masomo, mwambie kwamba mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha mapitio ya programu 213 za namna hii, zenye wanafunzi zaidi ya 270,000. Walioshiriki walipanda hata kwenye masomo, si tabia peke yake.

Anza Jumatatu na neno aibu. Hasira iache kwanza, maana kila mtoto anadhani anaijua.