Anti, chakula nimepunguza lakini kilo hazishuki

Swali: Shikamoo Anti. Mwezi wa tatu huu nimepunguza chakula hadi nyumbani wananiuliza kama naumwa, lakini mizani iko palepale. Asubuhi nakunywa glasi ya juisi ya machungwa, mchana soda moja, Jumamosi nikitoka na mashoga zangu ni kokteli mbili, mara nyingine tatu. Shoga yangu mmoja anasema juisi haina neno kwa kuwa ni tunda. Nianzie wapi? Sitaki kuwa yule wa kukodolea macho glasi ya maji wenzangu wakifurahi.
*Mwenye Mizani Sugu*

Jibu: Marahaba mwanangu. Chakula umekionea bure. Kabla ya safu hii nilisimama kaunta ya baa miaka tisa, na mikono hii imepika shira ndoo kwa ndoo: kilo ya sukari, lita ya maji, unakoroga mpaka chembe zote zipotee. Ikishayeyuka huioni tena.

Glasi ya juisi ya mililita 300 ina takriban gramu 25 za sukari, yaani vijiko sita vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari ya namna hiyo, ya juisi ikiwemo, isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ikibaki chini ya 25 ndiyo bora zaidi. Hujatoka hata mlangoni! Soda ya mililita 330 inakuongezea karibu vijiko tisa. Kula chungwa lenyewe. Glasi hiyo hukamua matatu au manne, na nani huketi asubuhi akamenya manne? Soda nayo, ubaridi ndio unaoficha utamu wake. Iache mezani ipate joto, gesi iishe, kisha onja. Mimi ndivyo tulivyoachana.

Sasa Jumamosi. Kokteli ya ndimu ina mililita 60 hivi za pombe kali na 20 za shira. Shira hiyo ni kalori 50, na wengi huilaumu wakaishia hapo. Pombe yenyewe, ikiwa ya asilimia 40, ina kama 130. Ukipunguza shira ukaongeza glasi, hujafanya kitu. Agiza pombe mililita 30, glasi ndefu, barafu tele, maji ya gesi, ndimu na majani ya mnanaa yaliyopondwa. Ya pili iwe vivyo hivyo bila pombe, mashoga hawatajua. Ila usipokee toniki ukidhani ni maji ya gesi. Ina sukari, uchungu wa kwinini ndio unaizima. Wateja wangu wengi walinaswa hapo.

Sikwambii kokteli mbili ni salama. Mwaka 2023 shirika hilohilo lilisema hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara. Na kama unatumia dawa, muulize daktari kwanza.

Ukitamani ile ya ndimu, sema "shira nusu" kabla mhudumu hajaanza kuchanganya. Akishaitikisa, hana cha kukupunguzia.