Picha za Second Life ukutani: anza na ukubwa wa karatasi

Kila nikitangaza picha mpya niliyopiga ndani ya Second Life, ile dunia ya kompyuta ambayo watu huingia kwa mtandao, hakosekani wa kuuliza: nani atoe pesa yake anunue skrinishoti? Wapo, na si wacheza gemu peke yao. Wateja wangu wengi hawajawahi kuingia Second Life hata siku moja. Wanaiona picha, wanaipenda, wanataka ikae juu ya kochi, basi. Swali ambalo wanaotaka kuanza biashara hii hawaniulizi, na ndilo lenye uzito, ni hili: kabla hujapiga picha, ulijua itachapwa kwa ukubwa gani? Wengi wanafika kwa mchapishaji na faili la kutumiana WhatsApp, halafu wanataka litoke pambo la ukutani.

Hesabu yenyewe haina ujanja. Picha ya kutazamwa kwa karibu inataka pikseli 300, yaani nukta za rangi zinazounda picha, kwa kila inchi. Karatasi ya A3 ni sentimita 42 kwa 29.7, kwa hiyo unahitaji pikseli zipatazo 4961 kwa 3508. Skrini ya kawaida, ile ya 1920 kwa 1080, inakupa sentimita 16 kwa 9 tu. Hiyo ni kadi ya posta. Mwenye monita ya 4K (3840 kwa 2160) naye asijisifu mapema: skrini yake ni ndefu kuliko umbo la A3, na akishakata pembeni ili picha ienee karatasi anabaki na pikseli kama 185 kwa inchi. Picha ya bahari na ukungu itapita hapo. Uso wa avata, yaani umbo la mtu ndani ya Second Life, wenye kope na nywele moja moja, hautapita. Ukisogea utaona kila unywele umevunjikavunjika.

Kwa hiyo achana na kitufe cha skrinishoti cha kompyuta. Second Life ina kamera yake ndani ya programu: bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja, chagua kuhifadhi kwenye diski, andika mwenyewe vipimo unavyotaka, na faili liwe PNG, aina isiyopunguza ubora wa picha. Hapo programu inachora mandhari upya kwa ukubwa ulioomba, haivuti tu kile kilichopo kwenye skrini. Kabla ya kubonyeza, pandisha mipangilio ya michoro mpaka mwisho, hasa ile ya kulainisha kingo, kisha subiri. Subiri kweli. Sura za kuta, miti na mawe zote zinashuka kwa intaneti, na kwa bando zetu hizi jengo la mbali linaweza kubaki la kijivu muda mrefu wakati wewe umeshakodolea macho avata iliyo mbele. Kagua kona zote nne.

Kuna mtego mwingine hapo. Ukiomba picha kubwa kuliko dirisha la programu, inachorwa vipande vipande kisha vinaunganishwa, na mng'ao wa taa au vivuli vinaweza kuonyesha mshono katikati ya picha. Ikuze kwenye monita, pita nayo taratibu kushoto kwenda kulia, ndipo ufikirie karatasi.

Halafu kuna suala la mwanga. Skrini inajiangazia yenyewe, karatasi inategemea taa ya chumba. Mandhari ya usiku yenye zambarau na buluu za kumeremeta, ambazo ndizo zinazosifiwa sana mtandaoni, zikifika kwenye wino hufifia na vivuli vyake vinakuwa weusi mtupu. Hakuna mchapishaji wa kumlaumu. Rangi nyingine wino hauziwezi. Ninachofanya mimi ni kukata kipande cha ukubwa wa A4 kutoka faili kubwa, bila kukipunguza, nikichagua palipo na shida: giza la chini ya baraza, shingo ya avata, pale anga inapokutana na maji. Nakichapa kwenye karatasi ileile nitakayouzia, nakipeleka dirishani mchana. Anga ndiyo husumbua kuliko vyote. Kwenye monita ni laini, kwenye karatasi inatoka na mapande ya rangi yamepangana kama khanga kwenye rafu ya duka. Kuongeza chembechembe kidogo sana kwenye faili huyavunja mapande hayo, na kwa macho ya kawaida hazionekani.

Kuhusu karatasi sitasema mengi. Mashine za flexi na stika ni za matangazo ya barabarani. Tafuta mwenye wino wa pigmenti na karatasi ya pamba isiyo na asidi, ya gramu 300 hivi. Kwa sisi wa pwani, weka paspatuu, yaani kadi nene ya kuzunguka picha, ndani ya fremu ili kioo kisigusane na picha, la sivyo unyevunyevu utavigandisha pamoja.

Sasa ruhusa. Katika Second Life, iliyofunguliwa 2003, wajenzi ni wakazi wenyewe, na vitu wanavyotengeneza ni hakimiliki yao. Sera ya picha ya Linden Lab, wenye mtandao huo, inaruhusu mambo mengi lakini kwa masharti: kama kanuni za eneo zinakataza kupiga picha, unatakiwa kumwomba mwenye eneo, na nembo za biashara za watu hazimo kwenye ruhusa hiyo. Isome yote mwenyewe kabla ya kuuza. Mimi hata pale ninaporuhusiwa humwandikia mjenzi: nimepiga jengo lako, nataka kuuza nakala hizi, jina lako litakuwa nyuma ya fremu. Wengi hufurahi, na wengine huniomba nakala. Ila usichukue utaratibu huu ukaupeleka kwenye gemu nyingine. Kampuni nyingi za gemu zinakuruhusu kuonyesha picha, si kuziuza.

Wanaobisha kwamba hii si sanaa huwa sibishani nao sana. Wasanii Eva na Franco Mattes walishapiga picha za sura za avata wa Second Life, wakazichapa kwenye kanvasi na kuzionyesha New York, 2007. Mjadala huo una umri.

Kwenye bei, kumbuka galari inayokuuzia picha huweza kuchukua hata nusu. Weka toleo la nakala chache, andika kwa penseli pembeni, mathalani 3/15, yaani ya tatu kati ya kumi na tano, tia sahihi, na ya kumi na tano ikiondoka usichape nyingine hata mteja akikubembeleza.

Siku hizi lakini wateja hawaulizi tena kama ni gemu. Wanauliza kama ni AI, yaani imetengenezwa na akili bandia. Ndiyo maana nyuma ya kila fremu nabandika karatasi yenye jina la eneo, jina la mjenzi na mwaka, na PNG ya asili naitunza bila kuigusa. Mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha wageni hakuridhika na hilo, nikamfungulia laptopu tukaenda mpaka palepale, akalizunguka jengo lote na kuniuliza kwa nini sikupiga upande wa nyuma. Shida ni kwamba maeneo hayo hufutika mwenye eneo akiacha kulipia ardhi. Kwa hiyo ukimaliza picha kuu, piga na nyingine za pembeni, mbele na nyuma ya jengo, uziweke kwenye folda moja nayo.