Chagua sehemu yenye kazi ya pili

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Mtu anayehamia nchi nyingine achagueje sehemu ya kuishi ndani ya nchi hiyo?" Nimefurahi kuliona swali hili, kwa sababu mara nyingi tunaulizana nchi tu. Fulani kaenda Kanada, fulani yuko Ujerumani, mazungumzo yanaishia hapo. Lakini mtu haishi "Kanada". Anaishi katika mji fulani, ndani ya jimbo fulani, umbali fulani kutoka kituo cha basi. Majimbo mawili ya nchi moja yanaweza kumpa mtu yuleyule maisha mawili yasiyofanana kabisa.

Jibu langu ni hili: usichague kwa kuangalia kazi iliyokuita. Angalia kazi ya pili, ile ambayo hujaijua bado na ambayo utaihitaji siku ya kwanza itakapokatika.

Kazi ya kwanza ya mgeni hukatika kwa urahisi. Kampuni inapunguza watu, mkataba haurefushwi, afya inayumba. Mwenyeji akifukuzwa kazi leo, kesho analala kwa dada yake na anatafuta taratibu. Mgeni muda wake unahesabiwa. Uingereza, mwenye visa ya mfanyakazi mwenye ujuzi ambaye ajira yake imekoma kwa kawaida hupewa siku 60 apate mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini wageni, la sivyo afunge mizigo. Marekani, mwenye visa ya kazi iitwayo H-1B naye hupewa hadi siku 60. Sasa jiulize siku hizo 60 zitakukuta wapi. Katika mji wenye hospitali moja, muuguzi ana mwajiri mmoja. Katika mji wenye hospitali ya rufaa, kliniki binafsi na nyumba za kulelea wazee, anaweza kutuma maombi kumi bila kuwahamisha watoto shule.

Nimewahi kukaa mezani na mume na mke waliokuwa wakijiandaa kuhama. Mke muuguzi, mume fundi wa kuchomelea vyuma. Hospitali ya mji mdogo ilikuwa imempa mke kazi, pamoja na nyumba ya kupanga kwa bei nafuu, na walikuwa na picha zake kwenye simu: vyumba vitatu, bustani, jikoni yenye dirisha kubwa. Wote wawili walikuwa wameshaipenda. Nikawaomba tuiache ile nyumba kidogo, tufungue ratiba ya mabasi. Basi la kwanza lilikuwa likipita mtaani baada ya zamu ya asubuhi kuanza. Jumapili hakukuwa na basi kabisa, na zamu za hospitali hazijui Jumapili. Kisha tukatafuta matangazo ya kazi za kuchomelea katika umbali ambao mume angeweza kwenda na kurudi kwa siku. Hatukupata hata moja. Mke akamwandikia mwajiri kuuliza kama kuna nafasi katika tawi lao la mji mkubwa zaidi. Ilikuwepo. Nyumba waliyopata huko ni ndogo na haina bustani, lakini mume alianza kazi muda si mrefu baada ya mkewe.

Nasisitiza habari ya mume huyu kwa sababu familia nyingi huhama kwa barua ya kazi ya mtu mmoja, halafu yule mwingine, mwenye ujuzi wake na heshima yake, anakaa nyumbani miaka akisubiri. Kazi ya pili ninayoizungumzia inaweza kuwa yake.

Tena sehemu unayoichagua haibadilishi mandhari ya dirishani tu, inabadilisha hata sheria zitakazokuongoza. Angalia Australia. Visa yao namba 491, iliyoanza Novemba 2019, inamtaka mgeni aishi na afanye kazi mikoani. Hudumu miaka 5, na baada ya miaka 3 aliyetimiza masharti anaweza kuomba makazi ya kudumu. Wengi wakisikia "mikoani" wanawaza malisho ya kondoo na vumbi. Kumbe kwa hesabu za uhamiaji, miji iliyoachwa nje ni Sydney, Melbourne na Brisbane tu. Perth na Adelaide, kila mmoja ukiwa na watu zaidi ya milioni moja, inahesabiwa kuwa mikoani. Mwenye visa hiyo hiyo anaweza kujifungia katika kimji chenye machinjio moja na shule moja, au akakaa Adelaide penye vyuo vikuu, hospitali kubwa na viwanda. Masharti ya visa ni yale yale. Ikitokea kazi ya kwanza imekufa, tofauti yake ni kubwa mno.

Kanada nako, tangu mwaka 1998 majimbo yamekuwa na mpango wa kuwapendekeza wahamiaji ambao yanawahitaji, na majimbo manne ya pwani ya Atlantiki yana mpango wao mwingine, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 na kufanywa wa kudumu mwaka 2022. Ukishapata makazi ya kudumu, Mkataba wa Haki wa mwaka 1982, ulio sehemu ya katiba ya Kanada, unakuruhusu kuhamia jimbo lolote. Wapo wanaoshauri: omba kupitia jimbo lenye foleni fupi, ukifika panda ndege uende Toronto. Mimi siungi mkono ushauri huo hata kidogo. Kwenye fomu unatamka kwamba unakusudia kuishi katika jimbo lililokupendekeza, na kusema uongo mbele ya maofisa wa uhamiaji ni mwanzo mbaya wa maisha mapya. Kama huoni kazi ya pili katika jimbo hilo, usiombe kupitia jimbo hilo.

Leseni za taaluma ndiyo sehemu inayowaumiza watu wengi kimyakimya. Ujerumani, vyeti vya uuguzi na ualimu hushughulikiwa na mamlaka ya jimbo unalotaka kufanyia kazi, na kila jimbo lina ofisi yake na taratibu zake. Marekani, leseni ya muuguzi hutolewa na jimbo. Yako majimbo mengi yaliyoungana ili leseni moja itumike kwa wote, lakini California na New York, mawili yanayovutia wageni wengi, hayamo katika muungano huo. Kwa hiyo kabla ya kusema "nikikosa hapa nitahamia jimbo la pili," uliza kama karatasi zako zitavuka mpaka pamoja nawe.

Uswisi kuna jambo ambalo wageni hulijua wakiwa wamechelewa. Sheria ya uraia iliyoanza kutumika Januari 2018 inadai miaka 10 ya kuishi nchini, na juu yake kila mkoa, wanaouita kantoni, una haki ya kudai miaka 2 hadi 5 ya kuishi ndani ya mipaka yake. Ukihama kantoni ukiwa umebakiza muda mfupi, hesabu ya kantoni inaweza kuanza upya. Huko nako kazi ya pili inatakiwa iwe karibu, ndani ya kantoni ile ile.

Wenye watoto waongeze lugha ya shule. Quebec, jimbo la Kanada wanakozungumza Kifaransa, chini ya sheria ya mwaka 1977 inayojulikana kama Sheria namba 101, watoto wa wahamiaji kwa kawaida husoma shule za umma kwa Kifaransa. Mzazi anayejua Kiingereza tu anaweza kupata kazi Montreal, lakini mwanawe atajifunza hesabu kwa Kifaransa na barua za mwalimu zitakuja kwa Kifaransa. Kwa familia inayotoka nchi inayozungumza Kifaransa hii ni neema, na Montreal kwao ni chaguo zuri kuliko Toronto. Lugha uliyokwisha kuwa nayo ni mtaji, na kuna sehemu ambako mtaji huo unazaa zaidi. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia takwimu za wakimbizi wa Marekani na Uswisi: kama kila mmoja angepelekwa mahali panapomfaa zaidi kwa umri, elimu na asili yake, watafiti walikadiria kwamba wanaopata kazi wangeongezeka kwa asilimia 40 hadi 70 hivi. Watu ni wale wale na nchi ni zile zile, kilichobadilishwa ni sehemu tu.

Najua wasomaji wengine watajibu: nenda waliko watu wako. Hili nalichukua kwa uzito. Anayefika usiku na mtoto mgonjwa anahitaji mtu wa kumpigia simu kwa lugha yake. Sweden iliwahi kutupa ushahidi mzuri. Kuanzia mwaka 1985 serikali iliwagawa wakimbizi katika manispaa mbalimbali badala ya kuwaachia wachague, na baadaye wachumi Per-Anders Edin, Peter Fredriksson na Olof Åslund wakafuatilia mapato yao. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003 waligundua kwamba wenye elimu ndogo waliokaa karibu na wenzao wengi walipata kipato kizuri zaidi. Ila faida hiyo ilitegemea hali ya jamii yenyewe: waliokaa na wenzao wenye kipato kizuri ndio walioinuka zaidi. Kwa hiyo usiulize tu kama watu wako wapo. Uliza wanafanya nini, walianzaje, na aliyeachishwa kazi mwaka jana sasa yuko wapi.

Wasomali wa Marekani waliuliza maswali haya vizuri sana. Kuanzia mwaka 2001 familia zilizokuwa zimepelekwa miji mingine, ikiwemo eneo la Atlanta, zilianza kuhamia Lewiston katika jimbo la Maine, mji ambao hawakupangiwa na mtu. Walitafuta usalama, shule nzuri na nyumba za bei nafuu, habari zikapita kwa simu na wengine wakafuata. Nyumba zilikuwepo kwa sababu viwanda vya nguo vilivyoujenga mji ule vilikuwa vimefungwa na watu wameondoka. Mapokezi hayakuwa mepesi: Oktoba 2002 meya Laurier Raymond aliwaandikia barua ya wazi akiwataka wapunguze kasi ya kuja. Hawakuondoka. Wamefungua maduka katika mtaa mkuu uliokuwa umelala, na watoto wao wamekulia pale. Ninapomtazama mhamiaji anayejua anachokitafuta, nawaona wao. Lakini tuseme pia kwamba nyumba za Lewiston zilikuwa rahisi kwa sababu ile ile iliyofanya kazi ziwe haba. Kila ukikuta kodi ya nyumba ya chini mno, tafuta kwanza sababu yake.

Kuhusu hali ya hewa nitasema machache. Baridi huzoeleka kwa koti. Giza ni gumu zaidi: Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na anayejijua ana tabia ya kuzama kwenye huzuni asilidharau jambo hilo. Na mwenye wazazi wa kupigia simu atazame saa. Kati ya St. John's, mashariki, na Vancouver, magharibi, ndani ya Kanada hiyo hiyo, kuna tofauti ya saa nne na nusu. Inaweza kuamua kama utampigia mama jioni baada ya kazi au itabidi uamke usiku wa manane.

Namna ya kupima ni rahisi na haihitaji wakala. Fungua matangazo ya kazi ya taaluma yako katika eneo hilo, na usihesabu matangazo, hesabu waajiri. Matangazo ishirini ya mwajiri mmoja ni kazi moja, na pengine ni dalili kwamba watu wanamkimbia. Rudia zoezi hilo kwa taaluma ya mwenzi wako. Andika barua pepe kwa ofisi inayotoa leseni yako, uone wanajibu baada ya muda gani. Ukiweza kutembelea, nenda katika msimu mbaya kuliko yote, na siku ya Jumapili simama kituoni usubiri basi.

Wapo wasiopewa nafasi ya kuchagua, na nisingependa barua hii iwasahau. Ujerumani, tangu mwaka 2016, mkimbizi aliyekubaliwa kwa kawaida hutakiwa kuishi miaka mitatu katika jimbo alilopangiwa. Lakini sharti hilo linaweza kuondolewa kwa aliyepata kazi inayokidhi masharti, nafasi ya mafunzo ya ufundi au nafasi ya chuo mahali pengine, na wengi hawajui. Mwenye ahadi ya kazi katika jimbo jingine aipeleke kwa maandishi ofisi ya wageni na aombe kuruhusiwa, kabla hajasaini mkataba wa nyumba huko. Na anayesubiri miaka mitatu iishe anaweza kuanza leo kuangalia waajiri wa pale anapotaka kwenda, na kupeleka vyeti vyake vitambuliwe, maana kazi hiyo ya karatasi peke yake inaweza kula miezi mingi.

Msomaji wenu