Weka hicho kidonge chini kwanza, wachukue sampuli ya mfupa

Mkuu, usimeze. Umeandika kwamba una pleti, kile chuma cha kushikilia mfupa uliovunjika, kwenye muundi kwa mwezi wa tano sasa, kovu limetoboka na linatoa usaha, dozi mbili za antibayotiki zimeisha, na unauliza mambo matatu: kati ya siprofloksasini na amoksilini ipi kali zaidi, kama chuma kitolewe, na kama unaruhusiwa kuukanyagia huo mguu. Hilo la kwanza ndilo lililonila miezi 11 na kipande cha mfupa, kwa hiyo najibu hilo tu.

Mimi pia ulikuwa muundi, mfupa ulichomoza nje siku ya ajali. Kidonda kilifunga vizuri, halafu mwezi wa nne kikaanza kuvuja. Muuza dawa akaniambia ni "kidonda cha juu tu" na akanipa vidonge. Wiki moja usaha ukakauka, nikashangilia. Nilipomaliza dozi, baada ya wiki tatu ukarudi. Akanibadilishia. Ukakauka, ukarudi. Mara nne! Hakuna aliyeniambia kwamba bakteria wakishashika chuma hujijengea utando, na ndani ya utando ule dawa inawagusa kidogo sana. Kidonge kinaua wanaoelea nje, wale wa kwenye chuma wanabaki.

Kosa kubwa lilikuja siku ya upasuaji. Nilikuwa bado nameza, cha mwisho nilikimeza jana yake usiku. Sikuulizwa, nami sikusema. Wakasafisha, wakapeleka sampuli maabara ili bakteria waoteshwe na kutambuliwa, majibu yakaja: hakuna kilichoota. Nilifurahi kama mtu aliyepona. Kumbe dawa ilikuwa imewadhoofisha wasiote maabara, lakini mguuni wapo. Daktari akabaki kuchagua dawa kwa kubahatisha, na nikarudi na usaha uleule.

Mara ya pili daktari wa mifupa mwingine alinisimamisha antibayotiki zote wiki mbili kabla, huku akinifuatilia. Akachukua vipande vitano kutoka ndani kabisa, penye mfupa na chuma, kila kimoja kwa kifaa chake safi na chupa yake. Maabara wakavitunza hadi siku 14, kwa sababu wapo bakteria wanaoota polepole. Vinne vikaota mdudu yuleyule, Staphylococcus aureus, na alikuwa sugu kwa dawa mbili kati ya zile nilizokuwa nameza kwa imani. Mfupa uliokufa ukakatwa, pleti ikatoka, nikafungwa vyuma vya nje. Ndipo dawa ikachaguliwa kwa jina la mdudu, wiki sita.

Kabla ya hapo kuna mtu alinipangusa tundu la usaha kwa kijiti cha pamba na kunitibu kwa majibu yake. Bado naona hasira. Mdomoni mwa tundu kuna bakteria wa ngozi wanaojiokotea makazi, mara nyingi si wale walio mfupani.

Na yeyote akikuuzia rifampisini peke yake kwa sababu "inaingia kwenye mfupa", ondoka hapo. Ni kweli inafanya kazi kwenye ule utando, lakini ikitumiwa peke yake bakteria huizoea ndani ya siku chache, na umeipoteza. Hutolewa pamoja na dawa nyingine, baada ya kusafishwa na kidonda kukauka.

Usinielewe vibaya: ukipata homa, kutetemeka, au mguu ukivimba na kuwaka moto, nenda hospitali saa hiyohiyo; hapo dawa haingoji sampuli. Na mfupa uliochomoza leo hupewa antibayotiki mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza. Kama unaendelea na dozi sasa hivi, usiikatize kimyakimya pia. Mwambie daktari wa mifupa, yeye ndiye apange siku ya kusimamisha.

Usiku huu andika kwenye karatasi kila dawa uliyomeza tangu kovu litoboke, na tarehe ya kidonge cha mwisho. Mpe hata asipouliza. Wakikupangia upasuaji, waulize watachukua vipande vingapi na kutoka wapi. Wakisema kimoja, au kijiti cha pamba, uliza tena kabla hujatia sahihi.