Swali Linalokwenda Uwandani na Jibu Lake

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda uwandani, juma hili nimesoma mapendekezo yenu ya utafiti kuhusu Vita vya Maji Maji, na katika manne kati ya sita nimekuta swali lile lile: "Je, mababu zetu waliunganaje kumfukuza Mjerumani?" Nimeumia, kwa sababu swali hilo nilikuwa nalo mimi. Lilikuwa la kwanza kwenye dodoso langu la shahada ya uzamili, zaidi ya miaka 25 iliyopita, na nililipia gharama ambayo haijarudishika hadi leo. Ndiyo maana ninawaandikia kabla hamjapanda basi la Kilwa.

1. Kabla ya kuliamini jalada la serikali ya kikoloni, na hata kabla ya kulipinga, ulizeni aliyeliandika alikuwa akijitetea kwa nani. Gavana Graf von Götzen, aliyetawala koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki kuanzia 1901 hadi 1906, alisisitiza kwamba vita vilitokana na ushirikina na uchochezi wa waganga. Ninyi mnaisoma kauli hiyo kama dharau ya Mzungu, mnaijibu kwa aya moja kali, kisha mnapita. Rudini muitazame tena. Vita viliwaka Umatumbi, milimani upande wa Kilwa, mwezi Julai 1905 kwa watu kung'oa pamba, na pamba hiyo ililimwa kwa shuruti katika mashamba ya pamoja yaliyoanzishwa na serikali yake mwenyewe, huku wananchi wakidaiwa kodi ya kibanda tangu 1898. Kama chanzo kilikuwa pamba na kodi, gavana alikuwa na kesi ya kujibu Berlin; kama chanzo kilikuwa maji ya Kinjikitile, mganga wa Ngarambe aliyewagawia watu dawa iliyoaminika kuwakinga na risasi, kesi hiyo iliisha yenyewe. Dharau ilikuwepo, sikatai, lakini nyuma yake alisimama mtu anayelinda jina lake, na mtafiti anayeishia kwenye hasira hamfikii mtu huyo.

2. Tarakimu za vifo nazo zina mwenyewe. Wajerumani waliandika kwamba upande wao walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389 waliokuwa wakiwapigania, idadi kamili hadi mtu wa mwisho, kwa sababu jeshi huwahesabu watu wake. Watu wa kusini, ambao wengi wao waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto kwa makusudi, serikali hiyo hiyo iliwakadiria kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa baadaye akakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Msinukuu kadirio moja mkaliacha jingine.

3. Jalada andikeni namba yake kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

4. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa ajenda ya siri haikuwa ya mkoloni peke yake. Mwalimu Nyerere alivitaja vita hivi mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 akidai haki ya nchi yake. Mwaka 1968, miaka saba tu baada ya uhuru, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee, katika mradi ambao Gwassa na John Iliffe waliusimamia. Bila kazi yao sauti nyingi zingezikwa pamoja na wenyewe, na ninawashukuru kila ninapozisoma. Hata hivyo taifa changa lilihitaji mababu walioungana, na hitaji hilo likaingia katika vitabu vya shule, na kutoka shuleni likarudi vijijini. Hapo ndipo mimi nilipolikuta, nikalidhania kuwa kumbukumbu.

Nilifika katika kijiji kimoja cha milima ya Matumbi nikiwa na dodoso, kinasa sauti cha kaseti na haraka ya mtu aliyebakiwa na siku mbili. Nilipelekwa kwa mzee mmoja, nikamwamkia, nikakaribishwa jamvini chini ya mwembe, na bila hata kumuuliza habari za ukoo wake nikamsomea swali langu. Alijibu vizuri mno. Alizungumza juu ya umoja wa makabila, juu ya Kinjikitile, juu ya uhuru, kwa mpangilio ule ule na karibu kwa maneno yale yale niliyoyasoma darasa la saba, nami badala ya kushtuka nilifurahi. Pembeni alikaa dada yake, bibi aliyekuwa akisuka ukili tangu nilipofika. Kaka yake alipomaliza, bibi aliweka ukili chini akasema, "Hayo mnayajua tayari, mjukuu wangu. Nyumba hii tulisimuliwa njaa. Na babu yetu hakuwa huko kwa—"

Nikazima kinasa sauti. Njaa haikuwa kwenye dodoso, na kaseti ilikuwa inakaribia kuisha. Nilimshukuru, nikaaga, na katika tasnifu nikaandika kwamba ukoo ule wote ulishiriki vita dhidi ya Mjerumani.

Nilikuja kuisikia sentensi ile miaka miwili baadaye, nilipokuwa nikiandaa kaseti zangu zihifadhiwe. Katika utepe unasikika ukili ukiwekwa chini, sauti ya bibi, kisha kidole changu kwenye kitufe. Nilirudi kijijini mwezi uliofuata. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, na kaka yake aliniambia kwa upole kwamba habari za babu alikuwa akizijua dada. Huenda babu yule alikuwa askari wa Mjerumani, au alikuwa jumbe aliyekimbilia boma la serikali, au alikuwa mkulima tu aliyejificha msituni na watoto wake. Wale Waafrika 389 walizaliwa na watu, na wana wajukuu, nami nilikwenda na swali lisilo na nafasi ya mjukuu wao kujibu.

5. Ulizeni, "Katika nyumba hii mlisimuliwa nini?" kisha mnyamaze.

6. Mkipata simulizi kumi zinazofanana neno kwa neno, msiandike kwamba mashahidi wote wanakubaliana. Tafuteni kwanza ni nani alikuwa mwalimu wa shule ya pale.

7. Dodoso zenu nazirudisha Jumatano, na swali la kwanza nimelikata kwa kalamu nyekundu katika zote nne. Kaseti bado ninayo ofisini, na atakayetaka kuisikiliza kabla ya safari aje na nusu saa yake. Bibi anaanza kusema mwishoni kabisa mwa upande wa pili.